Namna ya kuandaa usiku wa muvi za mazimwi za kuchekesha uani kwenu, hapa hapa Tanga

Jamani, tuliokulia kwenye mabanda ya video mnazijua hizi muvi, za kutisha lakini zina vichekesho ndani, unajificha nyuma ya kaka yako huku mbavu zinauma kwa kucheka. Watoto wetu siku hizi wanaziangalia kwenye simu, kila mtu na yake kajifunika shuka, na mimi nasema kabisa hizi muvi zinataka watu, bila mwenzako wa kupiga kelele pembeni nusu ya utamu inapotea. Kwaiyo naelekeza jinsi ya kuandaa usiku mmoja uani, uwe Ngamiani, Makorora, Chumbageni, popote.

Kwanza kuchagua. Kanuni yangu ni moja: chukua muvi ambayo zimwi lenyewe halijui kama liko kwenye komedi. Yani zimwi liwe serious kabisa, wanaochekesha wawe wale wanaolikimbia. Mfano mzuri ni Abbott and Costello Meet Frankenstein ya 1948, ni ya zamani, haina rangi, ila iangalie uone. Dracula humo ni Bela Lugosi yule yule aliyecheza Dracula 1931, na anacheza kwa heshima zake zote, hafanyi utani hata kidogo, sasa yule mnene Costello anaona jeneza linafunguka polepole anamwita mwenzie, mwenzie akija jeneza limetulia haamini, anaondoka, linafunguka tena. Watoto wa kwetu ambao hawajui neno la Kiingereza wanagaragara chini kwa kucheka mana hapo hakuna cha kutafsiri, mtu anaona kitu afu haaminiwi, kila mtoto anakijua hicho. Haifiki hata saa moja na nusu, kwaiyo hawachoki.

Ya pili ambayo mimi siiachi ni Mr. Vampire ya Hong Kong, 1985. Hii ndo ile ya maiti wanaorukaruka mikono mbele, kavaa joho la kizamani, usoni kabandikwa karatasi ya njano. Maiti kakakamaa hawezi kutembea ndo mana anaruka, na haoni, anafuata pumzi, ukibana pumzi anakupita. Hapo ndo mchezo wote ulipo, mtu kabana pumzi zimwi liko puani kwake na wewe uliyekaa kwenye mkeka umebana pumzi pia bila kujijua. Lam Ching-ying anacheza mwalimu wa kuwadhibiti, hacheki muvi nzima, wanafunzi wake wawili ndo wanaharibu kila kitu. Na kuna sehemu ya mchele, mmoja kakwaruzwa na dawa yake ni mchele ule wa kunata, anatumwa mwenzie akanunue, muuza mchele anamchanganyia na mchele wa kawaida! Ukifika hapo uani kwa Mtanga utasikia mama zetu wanavyomlaani yule muuzaji, wanamjua huyo mtu, wamekutana nae sokoni. Tulikuwa tukitoka bandani tunaruka mikono mbele mpaka majumbani kwetu, mtaa mzima.

Gremlins ya 1984 nayo ni nzuri sana ila angalia umri. Watoto wanapenda kile kimnyama na masharti yake matatu, usikiweke kwenye mwanga mkali, usikiloweshe maji, usikilishe baada ya saa sita usiku, lakini kati kati inakuwa na ukali wake, kule Marekani wazazi walilalamika mpaka mwaka huo huo likawekwa daraja jipya la umri, PG-13. Kwaiyo wadogo wa chekechea walale kwanza. Na An American Werewolf in London ya 1981, ile ya mtu kugeuka mbwa mwitu iliyompa Rick Baker tuzo ya Oscar ya kwanza kabisa ya meikapu, hiyo usithubutu kuiweka mbele ya wakwe, damu nyingi na mambo ya chumbani yamo, iangalieni wakubwa peke yenu.

Kama bibi yupo, na bibi wengi wa Tanga wamekulia kwenye sinema za Kihindi, mtafutie Bhoot Bungla ya 1965, ya Mehmood, kaiongoza na kaicheza mwenyewe, nyimbo za R.D. Burman. Jumba la mashetani na twisti humo humo. Utashangaa nani anaimba.

Mpangilio sasa. Anza baada ya isha, watu washasali washakula, giza limeshika. Fungua na kipande kimoja cha The Addams Family ya 1964, ile tamthilia ya kwenye tivi, ni kama nusu saa tu, inapasha moto, wimbo wake wa mwanzo una kupiga vidole na watoto watauiga papo hapo. Afu ndo muvi yenyewe. Moja inatosha, mbili kama kesho sio shule.

Vifaa: projekta ya kuazima, shuka jeupe, na ulifunge chini vizuri uweke hata fito mana upepo wa bahari ukilipepea sura zinapinda. Kama huna projekta tivi itoe nje, sawa tu. Pesa yako au nguvu yako peleka kwenye sauti, kwenye hizi muvi mlango unaolia na nyayo za ghorofani ndo vinatisha kabla ya sura, subufa moja ya wastani na majirani uwaambie mapema, bora zaidi uwaalike. Zima taa zote acha ya njia ya chooni, hiyo usizime kabisa. Weka muvi kwenye flashi na uijaribu mchana.

Mtafsiri ndo moyo wa shughuli. Sisi tumelelewa na sauti za kina Lufufu, mtu anakuelezea muvi mpaka unasahau kama ni ya kigeni. Tafuta mjomba au dada mwenye maneno, aitazame kwanza peke yake, ajue kisa. Awape wahusika majina ya mtaani, aongee Kiswahili cha hapa hapa, amkumbuke mzee wetu King Majuto aliyetutoka 2018, mtu wa Tanga, uoga wake wenyewe ulikuwa kichekesho. Ila akiona zimwi linakaribia ANYAMAZE. Mtafsiri anayetania wakati wa kutisha anaua vyote viwili, uoga na kicheko.

Na jambo la heshima. Kuna nyumba hawataniani na mambo ya majini, muulize mwenye nyumba kabla. Mizimu ya Amboni usiiweke kwenye utani wa kutafsiri, kuna watu wanaenda mapangoni kutambika kweli, na pengine mmoja wao kakaa hapo kwenye mkeka wako.

Chakula ni kachori, mihogo ya kukaanga, bisi, ukwaju wa baridi. Mtoto akilia kwa woga usimcheke, mpakate, mwambie lile ni rangi na nguo, na tochi mpe yeye ashike.

Wakishazoea, mwezi unaofuata wawekeeni wakubwa Frankenstein ya 1931 halafu Young Frankenstein ya Mel Brooks, 1974, kwa kufuatana. Ile ya pili wamepiga bila rangi makusudi na mitambo ya maabara ni ile ile iliyotumika 1931, sasa mtu akiwa ametoka kuogopa ile mitambo, usiku huo huo anaiona tena Gene Wilder kachanganyikiwa katikati yake, hapo andaa mikeka ya kutosha mana watu watalala chini.