Jinsi ya kutumia dawa za maumivu bila kuumiza ini, tumbo wala figo

Tuelewane kitu kimoja kabla ya hatua yoyote: kidonge hakijui wapi panauma. Ukishameza kinayeyuka, kinafyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, kinapita kwenye ini, halafu damu inakisambaza mwili mzima, goti linalouma na figo isiyo na shida vyote vinapata mgao. Ndo maana unasubiri nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kusikia nafuu, na ndo maana dawa ya mgongo inaweza kukuletea kidonda cha tumbo. Anayemeza cha pili baada ya dakika kumi kisa "hakijashika" haharakishi kitu, anajiongezea dozi tu.

Hatua ya 1: chagua moja

Mi naanza na parasetamoli karibu kila mara, hasa kichwa na homa. Ibuprofeni inafaa penye uvimbe, mfano kifundo kilichoteguka, na maumivu ya hedhi inayaweza vizuri. Tramadoli na kodeini ni za kuandikiwa na daktari na haziendi na pombe wala dawa za usingizi, zikikutana zinaweza kukata pumzi.

Hatua ya 2: soma kilichomo, achana na jina la mbele

Hapa ndo watu wanapoumia kwa hiyo nivumilie, ni ndefu.

Juzi nimemsaidia dada mmoja kupanga dawa zake, mafua, kichwa na mgongo vyote vimemjia wakati mmoja, kila ugonjwa na boksi lake, rangi tofauti, kampuni tofauti. Tukageuza maboksi tukasoma yale maandishi madogo ya nyuma. Ya kichwa: parasetamoli miligramu 500. Ya mafua: parasetamoli 500 pamoja na kitu cha kukausha makamasi. Ya mgongo: diklofenaki 50 na, haya tena, parasetamoli 500. Akaniangalia akasema, "Sasa si zote ni panadol?" Ndo hivo, zote.

Piga hesabu sasa. Za kichwa viwili mara tatu ni 3000, za mafua viwili mara tatu ni 3000, za mgongo kimoja mara tatu ni 1500. Jumla 7500 kwa siku, na kikomo cha parasetamoli kwa mtu mzima ni miligramu 4000 ndani ya saa 24. Kila boksi alikuwa analifuata kama lilivyoandikwa, hajakosea hata moja, ila hakuna boksi linalojua kuna boksi lingine.

Kwa nini 4000 na sio zaidi? Ini linavunja parasetamoli nyingi bila shida, ila sehemu ndogo inageuka sumu inayoitwa NAPQI, ambayo ini linaizima kwa glutathioni, kinga yake yenyewe dhidi ya sumu. Ukizidisha, glutathioni inaisha na ile sumu inaanza kuua seli za ini. Kibaya zaidi siku ya kwanza unaweza ukajisikia mzima kabisa au kichefuchefu kidogo tu, ini linakuja kulalamika siku ya pili au ya tatu.

Vitu vya kuangalia hapo:

- Boksi likitoka Marekani litaandikwa acetaminophen. Ni parasetamoli ileile.
- Unga wa mafua wa kukoroga na maji ya moto mara nyingi unayo, na kuna ya kuweka njia ya haja kubwa. Zote zinaingia kwenye hesabu.
- Kama una uzito chini ya kilo 50, unakunywa pombe sana, una ugonjwa wa ini au hujala siku kadhaa, hiyo 4000 ni kubwa kwako, muulize mfamasia dozi yako.
- Vidonge vimekatwa kwenye karatasi, hakuna jina wala miligramu? Usimeze. Hapo sibishani na mtu.

Kuna programu za simu za kukumbusha dawa, mi sizipendi, mgonjwa akiwa na homa simu yenyewe haitaki kuiona. Chukua kalamu, andika juu ya boksi saa na miligramu kila unapomeza. Dozi moja ya parasetamoli kwa mtu mzima ni 500 mpaka 1000, na kati ya dozi na dozi yapite angalau masaa manne, sita ni bora zaidi.

Hatua ya 3: ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na aspirini ni ukoo mmoja

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini, akapata Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndo zinazokuza maumivu na uvimbe, sawa, ila hizohizo ndo zinalinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Ukizizima gotini umezizima na tumboni. Kwa hiyo wanaokimbilia sindano ya diklofenaki "ili isiguse tumbo" wanajidanganya, inafika huko kwa njia ya damu.

Usichanganye mbili za ukoo huu, nafuu haiongezeki, madhara ndo yanaongezeka. Kama daktari amekupa aspirini ndogo ya moyo usiiache, ila uliza kabla ya kuongeza ibuprofeni. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kwenda pamoja, ni koo tofauti. Ibuprofeni ya kujinunulia ni 200 mpaka 400 kwa dozi, isizidi 1200 kwa siku, meza na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, anayetumia dawa za presha au za kuzuia damu kuganda, mwenye pumu inayochokozwa na dawa hizi, anayeharisha na kutapika, au mwenye mimba, hasa kuanzia wiki ya 20, asiziguse bila daktari. Na homa inayoshukiwa kuwa dengi ni parasetamoli tu, hizi zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Hatua ya 4: mtoto anapimiwa kwa kilo

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, isizidi mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 150. Dawa ya maji yenye 120 kwa mililita 5 utampa mililita 6 na kidogo, ila yenye 250 kwa mililita 5 ni mililita 3 tu, kwa hiyo kubadili chupa bila kusoma ni kumpa mara mbili. Tumia sirinji, tupa wazo la kijiko cha chai. Aspirini hapana chini ya miaka 16. Kichanga cha chini ya miezi mitatu mwenye homa, hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 5: jua pa kuishia

Homa ikipita siku 3, kapime. Kichwa kinachokufanya umeze dawa siku 15 au zaidi kwa mwezi, huenda dawa zenyewe ndo zinakiamsha. Choo cheusi kama lami au kutapika damu, acha dawa nenda hospitali sa hiyohiyo.

Ukigundua umezidisha parasetamoli usisubiri uumwe. Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, na ukichelewa nenda vilevile. Beba maboksi yote uliyotumia, yale yenye saa ulizoandika.