SOMO: Gharama ya kuweka ndege ndogo kwenye hanga (soma kabla ya kuniuliza "kwa mwezi ni kiasi gani")

Wakuu, kila wiki naletewa swali lile lile: nimepata ndege ya viti vinne, hanga (banda la kuegeshea ndege) litanigharimu kiasi gani? Kuanzia leo nabandika uzi huu na kunyamaza. Bei yangu sitaji, maana haikusaidii chochote. Nakupa njia ya kupata ya kwako.

Hatua ya 1. Andika vipimo vya ndege yako. Viko kwenye kitabu chake. Mfano nitakaotumia humu ni Cessna 172S: mabawa mita 11, urefu mita 8.28, kimo mita 2.72.

Hatua ya 2. Chagua aina ya hanga. La kushirikiana ndilo rahisi: ndege tano sita zinapangwa kama samaki kwenye kopo, yenye bawa la chini inaingizwa chini ya yenye bawa la juu. Unachookoa kwenye kodi unakilipa kwa muda, kwa sababu yako ikiwa ya nyuma lazima nyingine zitolewe kwanza, na kila kutolewa ni nafasi ya kukwaruzwa. La umbo la T ni lako peke yako, limebana mkiani. La mraba ni ghali kuliko yote, na utajikuta umelijaza pikipiki na makochi ya zamani.

Hatua ya 3. Pima mlango UKIWA WAZI.

Hapa ndipo nilipoumia. Mwenye hanga aliniambia mlango una mita 3. Nikatoa 2.72, nikabaki na sentimita 28, nikasaini. Mlango wenyewe ulikuwa wa kukunja kwenda juu. Ukifunguka unajikunja katikati na kuning'inia chini ya boriti. Zile mita 3 zilikuwa za fremu. Chini ya mlango uliokunjwa zilibaki 2.80 tu.

Utasema bado inapita. Ingepita, kama shokapu ya mbele isingekuwa imevuja. Pua ilikuwa imeinama kama vidole vitatu, nikaiacha hivyo kwa kuwa "tunaisukuma tu, hairuki". Sasa fikiria bembea ya ubao ya watoto, mmoja akishuka mwingine anapanda. Kutoka gurudumu la mbele hadi magurudumu makuu ni kama mita 1.65, lakini ncha ya mkia iko mbali zaidi upande wa nyuma. Pua ikishuka sentimita 1, ncha ya mkia inapanda takriban 3. Tulikuwa tunaisukuma kinyumenyume, mtu huku na mtu huku, macho yote kwenye ncha za mabawa. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu amekanyaga kikombe cha plastiki. Ilikuwa taa nyekundu ya juu ya mkia, na kofia iliyoishikilia ikapasuka hadi nyuma.

Taa si kitu. Kilichoniuma ni kwamba fundi hakukubali kusaini ndege iruke mpaka afungue mkia na kukagua usukani wa mkiani na bawaba zake. Wiki tatu ndege chini, kodi inaendelea, na mkataba ulisema wazi kwamba anayesukuma ndiye anayelipa.

Kwa hiyo: pima kwa utepe wako mwenyewe, usikubali kuambiwa. Pima upana kati ya kingo za mlango baada ya kufunguliwa, maana milango ya kuteleza huacha kipande kinachokula nafasi. Angalia reli ya sakafuni, kwani magurudumu makuu yakiipanda mkia unapanda nayo. Jaza shokapu kabla ya kusukuma. Na mtu mmoja asishike chochote, kazi yake iwe kutazama mkia tu.

Hatua ya 4. Soma mkataba sehemu moja zaidi ya zote: nani anaruhusiwa kuhamisha ndege yako wewe usipokuwepo, na bima ya nani inalipa akiigonga. Kama mwenye hanga ana bima ya ndege za wateja, aoneshe karatasi. Kama hana, uliza bima yako inasemaje kuhusu ndege iliyoegeshwa.

Hatua ya 5. Ongeza umeme, amana, na ada ya kuingia uwanjani kama ipo.

Hatua ya 6. Jumlisha mwaka mzima, kisha gawanya kwa saa unazoruka kweli, si unazotamani kuruka. Tuseme kodi ni 100 kwa mwezi, hiyo ni 1,200. Umeme na mengineyo 300. Jumla 1,500. Ukiruka saa 75, hanga ni 20 kwa kila saa. Ukiruka saa 15, ni 100 kwa kila saa, yaani kila unaporuka saa moja unalipa kodi ya mwezi mzima. Kodi haijabadilika hata senti.

Hatua ya 7. Linganisha na kuifunga kwa kamba nje. Jua linachosha rangi na kufanya kioo cha akriliki kiwe na nyufa nyembamba kama buibui amepita. Ndege yenye ngozi ya kitambaa huko nje inaliwa na jua polepole. Hizo nazo ni gharama, ila zinakuja kwa mkupuo.

Maswali karibu, lakini soma kwanza.

Mgeni_njiani: Mkuu, kwa mwezi inakuwa kama kiasi gani?

Mleta mada: Hatua ya 6.

Mgeni_njiani: Nimeisoma, nataka makadirio tu.

Mleta mada: Hujaisoma.

BawaJuu: Samahani, ila hapo mlango hauna kosa. Hukujaza shokapu, hukuweka mtu wa kutazama mkia. Unamlaumu mwenye hanga bure.

Mleta mada: Nimemlaumu wapi? Nimeandika "nilipoumia", na nimeeleza shokapu yangu mwenyewe. Ila mtu akikuuzia mita 3 na unapata 2.80, ana chake cha kujibu. Tuendelee.

Turubai_tu: Kwani nikinunua turubai zuri na kuiacha nje si yale yale?

Mleta mada: Si yale yale. Upepo ukiingia chini, turubai linapigapiga, na vumbi lililonaswa linasugua kioo na rangi kama msasa. Kwa siku chache safarini, sawa.

Spana_kumi: Asante kwa somo. Mimi naruka mara chache, pengine miezi miwili inapita. Kama hanga ni kavu, injini bado inaweza kupata kutu? Nasikia injini za Lycoming zina tatizo hilo.

Mleta mada: Hili ndilo swali nililotaka. Kwenye injini nyingi za Lycoming za silinda nne, kamshafti (mhimili unaofungua vali) imekaa juu ya krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Ukizima, oili inachuruzika chini siku baada ya siku, na kamshafti inabaki uchi kule juu. Unyevu ukiigusa inapata vidoa vya kutu. Ukija kuwasha, vile vidoa vinakwangua tapeti, vile vipande inavyovisukuma. Hanga linazuia mvua, lakini hewa ya ndani ni ile ile ya nje. Dawa ni kuruka, walau saa moja ndani ya siku 30, oili ifike nyuzi 74 hadi 93 za Selsiasi. Kuwasha dakika kumi chini na kuzima ni kujidanganya. Petroli ikiungua inazaa mvuke wa maji, sehemu yake inapenya hadi kwenye oili, na wewe hujaipa joto la kuufukuza. Ndiyo maana Lycoming hawahesabu saa peke yake. Nyingi zina ukomo wa saa 2,000 kabla ya ovaholi (kufumuliwa na kutengenezwa upya), lakini miaka 12 ikifika kwanza, imefika. Kama huwezi kuruka, weka fedha ya mashine ya kukausha hewa kwenye hatua ya 5, na uhesabu umeme wake.

Spana_kumi: Kwa hiyo kwa mtu wa saa 15 kwa mwaka, hanga halilindi injini kiasi hicho?

Mleta mada: Linalinda mwili wa ndege kuliko injini. Mtu wa saa 15 tafuta mwenzako mmiliki nusu. Kodi inagawanyika mara mbili na injini inawaka mara mbili.

Mzee_wa_Continental: Niongezee: kwenye injini ya Continental O-200 kamshafti iko chini ya krenkishafti, haikauki haraka hivyo. Silinda zinapata kutu vilevile, msijisahau.

BawaJuu: Na fimbo ya kukokotea ndege? Kuna mwenzetu aliiacha imeng'ang'ania gurudumu la mbele akawasha.

Mleta mada: Ifungie kitambaa chekundu kirefu, na usiiache mkononi hata kama unajibu simu: ama unavuta, ama umeichomoa. Na kwenye 172 usipinde gurudumu zaidi ya nyuzi 30 kila upande.

Turubai_tu: Nyigu nao wanaingia hanga?

Mleta mada: Wanaingia kuliko mvua. Funika bomba la pitoti (linalopimia mwendo wa ndege) hata ukiwa ndani, na chungulia tundu la hewa la tangi la mafuta kabla ya kuruka. (Swali zuri hilo, naomba radhi kwa ukali wa mwanzo.)

Mzee_wa_Continental: Mimi nimening'iniza mpira wa tenisi kwa kamba darini. Mkia ukiugusa najua nisimame, siangalii ukuta.

Spana_kumi: Unaupimaje usikae vibaya?

Mzee_wa_Continental: Ingiza ndege taratibu mara moja, weka vizuizi kwenye magurudumu, ndipo ufunge kamba.

Mleta mada: Na shokapu iwe imejaa siku hiyo. Wa kwangu unagusa pale pale kwenye kofia mpya.