Kupika biti ya vugo na besi ndani ya chumba cha mawe

Mwongozo huu ni wa anayeanza, mwenye kompyuta ya kawaida, hedifoni na simu ya kurekodia. Mimi natumia LMMS kwa kuwa ni ya bure, ila programu yoyote ya muziki yenye sintetaiza (ala ya kuunda sauti) na miksa (ya kupangia viwango) itakufaa. Tutashughulika na sauti tatu tu: kiki (pigo zito la ngoma), besi na vugo.

Hatua ya 1: Rekodi vugo

Vugo ni pembe za nyati zinazogongwa kwa kijiti, na hapa Lamu ni ngoma ya kina mama kwenye harusi. Kwa hivyo usiende kutega simu harusini. Azima pembe kwa bibi au shangazi, umweleze unazitakia nini. Rekodi ndani, huko nje kusi ikivuma kwenye maiki, hakuna plagini itakayofua dafu. Kuta za matumbawe zinarudisha sauti, basi simamisha godoro nyuma ya mpigaji na uning'inize blanketi mbele yake. Simu iwe shubiri mbili kutoka kwenye pembe. Piga polepole, kiasi, kisha kwa nguvu. Adhana ipite kwanza, na punda wa jirani naye amalize yake.

Hatua ya 2: Safisha na ugeuze

Kata kila pigo pale pale wimbi linapoanza. Ukiacha upenyo mdogo mwanzoni, biti itasikika inachechemea. Ondoa masafa yote ya chini ya Hz 200 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), maana huko vugo haina kitu, ni mvumo wa jenereta na nyayo za watu. Kisha nakili pigo moja na ulishushe pichi kwa nusutoni 12. Utapata mlio mzito wa mbao ambao hakuna aliye nao kwenye maktaba yake.

Hatua ya 3: Tengeneza besi

Fungua TripleOscillator, sintetaiza iliyomo ndani ya LMMS, ubakize oskileta (chanzo cha wimbi) moja. Chagua wimbi la msumeno, si la sain. Sain ni noti tupu, lakini msumeno umebeba hamoniki zote, yaani sauti za juu zilizo mara mbili ya noti, mara tatu na kuendelea. Spika ya simu haiwezi kutoa Hz 60, ila inaweza kutoa hamoniki zake za juu, kama 240, 300 na 360, na ubongo ukizisikia hizo unajaza noti ya chini wenyewe. Na wasikilizaji wako wengi wako kwenye simu.

Msumeno mtupu unakwaruza, kwa hivyo weka filta inayopitisha masafa ya chini na uteremshe katofu (pale filta inapoanza kukata) mpaka ukali uishe, karibu na Hz 400. Ateki (muda wa sauti kupanda) iwe fupi ili noti ianze mara moja, na rilisi (muda wa sauti kuzimika) fupi isije ikaburuzika hadi noti inayofuata.

Hatua ya 4: Panga viwango

Shusha fader zote, yaani vitelezi vya sauti kwenye miksa. Pandisha kiki mpaka kilele chake kifike dB -10 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), halafu besi, halafu vugo. Masta, yaani fader ya jumla, isipite dB -6. Ikivuka 0, wimbi linakatwa kichwa. Sikiliza kwa sauti ndogo, ya kukuwezesha kuongea na mtu bila kupaza.

Hatua ya 5: Usikiamini chumba

Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha upana wa chumba kwa mbili, kisha ugawe 343 kwa jibu hilo: chumba cha mita 2.8 kinavuma kwenye Hz 61, pale pale besi inapokaa. Ukiketi katikati, Hz 61 inafifia. Ukiegemea ukuta, inavimba. Mtu anaketi katikati, anaongeza besi, anaongeza tena, kisha siku ya shughuli spika zinanguruma hadi maneno hayasikiki. Godoro halitasaidia hapa, maana wimbi hilo lina urefu wa mita 5.6. Uamuzi wa besi ufanye kwenye hedifoni, na utazame grafu ya masafa.

Hatua ya 6: Achanisha kiki na besi

Jaribu kwanza kuhamisha noti za besi zisiangukie juu ya kiki. Ni bure, na mara nyingi inatosha. Isipotosha, punguza besi dB 3 pale kiki ilipo nzito, tuseme Hz 55. Kompresa iache kwa sasa.

Hatua ya 7: Nafasi

Kiki na besi katikati. Mapigo ya vugo, moja kushoto kidogo, jingine kulia. Mwangwi upe vugo peke yake, na uukate chini ya Hz 300.

Toa faili la WAV, Hz 44,100, kina cha biti 24 (24-bit), ulisikilize kwenye simu. Besi ikipotea, rudi hatua ya 3 ufungue katofu kidogo kabla hujagusa fader.