Somo: kufua jicho la kamba ya mtumbwi kwa nondo ya milimita 12

Ukipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, utaona mitumbwi mingi imefungwa kwa majicho yaliyochomelewa. Mshono wenye ufa hujificha chini ya rangi, ukakatika siku ya upepo. Jicho la kufuliwa halina mshono. Likizidiwa linaanza kufunguka taratibu, na mwenye chombo anapata nafasi ya kuliona.

Tafuta nondo, mkaa, mivukuto au feni la mkono, koleo, nyundo ya kilo moja na kipande cha reli cha kufulia. Chuma kilichopakwa zinki kiache. Moshi wake hukuletea homa na kutetemeka usiku, ukadhani malaria.

Hatua ya 1. Pima. Jicho lenye upana wa ndani wa milimita 38: jumlisha unene wa nondo, 12, unapata 50. Zidisha kwa 3.14, ni 157. Pima urefu huo kutoka nchani, weka alama hapo kwa senta panchi, maana chaki huungua.

Hatua ya 2. Saga matuta ya nondo kwa grinda kabla ya moto. Wengi huyapiga nyundo tu yalale. Yakilala hivyo hujikunja ndani ya chuma na kuacha nyufa, na hapo umerudi kulekule kwa mshono.

Hatua ya 3. Moto. Hapa ndipo kazi ilipo. Fanya kivulini, kwani jua la saa sita linadanganya macho. Chuma kikiwa rangi ya chungwa inayoelekea njano, piga kwa nguvu. Kikirudi kuwa chekundu kilichofifia, acha, rudisha motoni. Kukilazimisha hapo ni kukichosha bure. Cheche nyeupe zikiruka kutoka kwenye chuma chenyewe, kinaungua. Mkaa nao hurusha cheche, kwa hiyo kitoe nje ndipo uhukumu. Sehemu iliyoungua kata, haiponi.

Hatua ya 4. Chonga ncha iwe nyembamba kidogo. Kwenye alama, kunja nyuzi 90. Kisha anzia nchani, kunja kuelekea upande wa pili juu ya shafti ya milimita 38 mpaka ncha iguse shingo.

Hatua ya 5. Kiache kipoe chenyewe kwenye majivu. Nondo nyingi hutoka kwenye vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, hujui imebeba nini. Ukiitia majini ikiwa nyekundu huenda ikawa ngumu na kukatika. Ikibaki na uvuguvugu, paka nta ya nyuki.

Mkia upunguze hadi milimita 10, chonga nyuzi za skrubu za M10, pitisha kwenye mbao ya omo (mbele ya mtumbwi), weka washa pana na nati mbili.

MASWALI

Swali: Fundi, springi ya gari haifai? Ni imara zaidi.
Jibu: Ni imara, lakini ina kaboni karibu asilimia 0.6. Ni ngumu kukunja, na ukikosea kuipoza hukatika bila kuonya. Iweke kwa ajili ya panga na patasi.

Swali: Shikamoo mzee. Babu ameacha gobore huku Sengerema, pete za kushikia mdeki (fimbo ya kushindilia baruti) zimepotea. Naweza kuzifua hivi?
Jibu: Marahaba, mjukuu. Pete zile ni bamba jembamba la chuma linalokunjwa juu ya fimbo nene kidogo kuliko mdeki. Kazi ya nusu siku. Ila gobore ni silaha, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni. Nenda kwanza kituo cha polisi ukaeleze. Mimi silaha isiyo na karatasi siipokei.

Swali: Kaka, langu limekaa upande kama herufi P. Nimekosea wapi?
Jibu: Umeruka ile nyuzi 90. Pasha shingo tu, bana pete kwenye jiliwa (vaisi), vuta mkia mpaka uelekee katikati ya jicho.