Somo: Kuuza gari adimu la misuli ambalo halijakarabatiwa

Wengi wakishaamua kuuza, wanakimbilia kupaka rangi. Tafadhali usifanye hivyo. Mnunuzi wa haya magari ya misuli (muscle cars), yaani ya Kimarekani yenye injini kubwa za V8 ya miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, anataka kuona gari lilivyo. Rangi mpya juu ya kutu humfanya ashuku kila kitu.

Hatua ya 1: Namba. Kuanzia magari ya 1968, namba ya gari ipo juu ya dashibodi, unaisoma kupitia kioo cha mbele. Kwenye Plymouth ya 1970, herufi ya tano ikiwa R, gari lilitoka kiwandani na Hemi 426, injini ya V8 inayosakwa sana. 'Cuda (modeli ya Plymouth) za Hemi za paa la kukunja mwaka huo zilikuwa 14 tu, kwa hiyo herufi hiyo moja inaweza kupindua bei yote. Linganisha namba ya dashibodi na ile iliyogongwa kwenye bloku ya injini na kwenye gia boksi. Futa grisi kwa kitambaa. Msasa usiguse hapo kabisa, maana namba iliyokwanguliwa hakuna atakayeiamini. Zisipolingana, sema wazi.

Hatua ya 2: Karatasi. Kwenye magari ya Chrysler (Plymouth ikiwemo), karatasi ya kiwandani yenye misimbo ya jinsi gari lilivyoundwa mara nyingi ilisahaulika kwenye springi za kiti cha nyuma. Niliwahi kuikuta imekuwa kahawia, panya wametafuna kona, lakini misimbo inasomeka. Ipige picha ikiwa palepale kabla ya kuitoa. Mwenye Ford ya kuanzia 1967 aombe Marti Report kwa kampuni ya Marti Auto Works, mwenye Pontiac aende PHS (Pontiac Historic Services); wote hutoa kumbukumbu za kiwandani kwa malipo.

Hatua ya 3: Kutu. Piga picha sakafu, buti, reli za chasi na chini ya kioo cha nyuma. Pitisha sumaku kwenye bodi: isiponata, hapo pana puti. Liandike hilo kwenye tangazo.

Hatua ya 4: Bei na malipo. Linganisha na magari ambayo hayajakarabatiwa na yameshauzwa kweli, si yale yanayong'aa. Hati ya umiliki usiitoe mpaka benki yako ithibitishe kuwa fedha zimeingia. Hundi za benki za kughushi zipo nyingi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, injini haijawaka miaka 20. Niiwashe nimrekodie mnunuzi video?*
Hapana. Petroli imeshaoza na ringi za pistoni huenda zimeganda kwenye silinda. Ukilazimisha utaikwaruza injini ya asili. Andika "haijajaribiwa".

*Injini ya asili ilitolewa, ipo stoo. Kuna mtu anaitaka peke yake.*
Usimpe, ndugu yangu. Ikishatengana na gari, kuzikutanisha tena ni shughuli kubwa. Iuze pamoja na gari, hata kama bloku imepasuka.

*Hati ilikuwa ya marehemu baba.*
Pole sana. Maliza kwanza mirathi na uhamisho wa umiliki kwenye ofisi ya magari ya jimbo lako, ndipo utangaze.