Jinsi ya kuomba mafao ya Social Security mapema bila kumpunja mwenzi wako

Aliyefanya kazi Marekani akafikisha krediti 40, kama miaka kumi ya kukatwa kodi ya Social Security (mfumo wa pensheni wa serikali ya Marekani), anaweza kuanza kulipwa akiwa na miaka 62. Michango ya NSSF ya nyumbani haihesabiki hapo. Kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea umri kamili, yaani wa kustaafu bila kukatwa, ni 67, na anayeanza 62 hukatwa asilimia 30 maisha yake yote.

Kwanza, kila mmoja afungue akaunti yake kwenye ssa.gov na aangalie atalipwa kiasi gani akifika umri kamili. Msijaze fomu yoyote kabla hamjakaa na takwimu zote mbili mezani.

Halafu pigeni hesabu. Tuseme mume ana dola 2,000 kwa mwezi za umri kamili na mke hana rekodi ya kazi. Fungu la mke ni nusu, dola 1,000, akisubiri hadi 67. Akiomba 62 ni 650 tu. Wengi huamini kwamba mume akiwahi, mke naye hupunjika. Sivyo. Mume akianza 62 atapata 1,400, lakini nusu ya mke hupigwa kwenye zile 2,000. Kinachomkata mke ni umri wake mwenyewe siku anapoanza.

Pigo huja mume akifariki. Mjane aliyefika umri wake kamili hupewa kilichokuwa kinalipwa mume au asilimia 82.5 ya kiasi kamili, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Kwa mume aliyeanza 62, mjane atapata 1,650. Mume angesubiri hadi 70, fungu la mke lingebaki 1,000 wakati wa uhai wa mume, ila mjane angeachiwa 2,480, kwa kuwa kusubiri hukuza malipo ya mume mwenyewe. Kwa hiyo kama mwenye kipato kikubwa ndiye mkubwa kwa umri, mimi ningemwambia avumilie, labda afya au kodi ya nyumba imkatalie.

Mke mwenye rekodi yake hachagui fungu moja akaacha jingine kwa baadaye. Kwa waliozaliwa kuanzia Januari 2, 1954, ombi moja huhesabiwa kuwa ya yote mawili. Kama lake kamili ni 800, huongezewa 200 ili kufikia nusu ya mume. Akiomba 62, mume akiwa ameshaomba, 800 inakuwa 560 na 200 inakuwa 130. Jumla 690.

Mume asipoomba, mke hawezi kudai fungu la mwenzi. Ndoa nayo kwa kawaida iwe imetimiza mwaka. Aliyeachika baada ya ndoa ya miaka kumi ana njia yake, na si lazima amsubiri mtalaka wake aombe iwapo wameachana miaka miwili.

Maombi hupokelewa hadi miezi minne kabla ya mwezi wa kuanza, mtandaoni, ofisini au kwa simu 1-800-772-1213. Omba mkalimani, ni bure. Andaa cheti cha kuzaliwa, W-2 ya mwisho (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka), namba ya akaunti ya benki na cheti cha ndoa. Hata kama ni cha Kadhi, peleka halisi. Fotokopi ya kawaida haitoshi.

Ukiendelea na kazi kabla ya umri kamili, kuna kikomo cha kipato: mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400, na kila dola 2 zilizozidi zilikata 1. Makato hayo hugusa pia fungu la mke linalotokana na rekodi yako.

Ukijuta, una miezi 12 ya kufuta ombi kwa fomu SSA-521. Utarudisha kila senti, pamoja na alizolipwa mke kupitia kwako, naye lazima akubali kwa maandishi. Baada ya hapo kilichobaki ni kusimamisha malipo ukifika umri kamili, na la mke nalo husimama.