Kiungo Kifupi ni cha Karatasi: Namna ya Kukitengeneza na Kukichunga

Mwenye nyumba ya wageni huko Shela, Lamu, anayetaka vyumba vyake vijulikane kwa abiria wanaoshuka basi Mokowe hubandika tangazo karibu na gati, na chini yake huandika anwani ya ukurasa wake wa intaneti. Anwani hiyo ikiwa na herufi mia moja na zaidi, zenye alama za kuuliza na za asilimia katikati, hakuna atakayeiandika kwenye simu huku ameshika mzigo na boti inamngoja. Hapo ndipo kiungo kifupi, yaani anwani ndogo inayompeleka mtu kwenye ile ndefu, kinapofaa, na kwa maoni yangu ni hapo na mahali panapofanana na hapo tu, yaani pale ambapo jicho, mdomo na kidole cha mtu ndivyo vinavyoibeba anwani. Kwenye WhatsApp, ambako msomaji hugusa na kuingia, kiungo kirefu hakimchoshi mtu, tena kina faida ya kuonyesha kinakokwenda.

Kabla ya kufupisha, tazama kwanza kama urefu wenyewe ni wa lazima. Anwani iliyonakiliwa kutoka Facebook mara nyingi huwa na mkia unaoanza na fbclid, na zile za matangazo huwa na maneno yanayoanza na utm. Mikia hiyo ipo ili kufuatilia msomaji ametokea wapi, na kwa kawaida ukurasa hauihitaji ili ufunguke. Ifute. Hata hivyo, usikate kwa pupa kila kinachofuata alama ya kuuliza, kwa kuwa video ya YouTube hutambulishwa na herufi zinazokuja baada ya alama hiyo hiyo. Kata, kisha ufungue uone. Nimewahi kuipunguza anwani ya mistari mitatu ikabaki nusu mstari, na haja ya kuifupisha ikaisha.

Ikiwa bado ni ndefu, nenda kwenye huduma ya kufupisha, kama vile TinyURL, iliyoanza mwaka 2002, au Bitly ya mwaka 2008, ubandike anwani yako na usiridhike na msimbo, yaani herufi za mwisho wa kiungo, unaopewa bila kuchagua. Msimbo wa kubahatisha huchanganya herufi kubwa na ndogo, ambazo kwa huduma nyingi ni vitu viwili tofauti, na mtu anayesoma bango kwa mbali hawezi kutenganisha sifuri na herufi O. Chagua badala yake neno moja au mawili ya Kiswahili yanayotamkika, yote kwa herufi ndogo, kwa mfano vyumba-shela, ambayo hata nahodha anaweza kumtajia abiria wake pasipo kuandika chochote.

Kisha kijaribu kiungo kwa simu isiyo yako. Mimi niliwahi kumsaidia jamaa kuchapisha vipeperushi, nikafupisha anwani niliyoinakili nikiwa nimeingia kwenye akaunti yake. Kwangu ukurasa ulifunguka vizuri, lakini kila mgeni aliyejaribu aliombwa nenosiri. Tuligundua hilo vipeperushi vikiwa vimekwisha kugawiwa. Kosa lilikuwa langu, na dakika moja ya kuazima simu ya jirani ingelizuia.

Katika ujumbe mfupi wa simu faida ni ya fedha kabisa. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na ukizidi hapo hugawanywa na kulipiwa kama zaidi ya mmoja. Ukitia kikaragosi (emoji) kimoja, au ukiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kama wazee wetu walivyoandika, kiwango hushuka hadi herufi 70, na hapo kiungo kirefu hula ujumbe wote.

Sasa gharama yake. Anayegusa kiungo kifupi haendi moja kwa moja kwenye ukurasa wako, bali simu yake huiuliza kwanza seva ya mfupishaji, nayo humjibu kwamba unachokitafuta kiko kule, ndipo simu iende huko. Kwa hiyo umemweka dalali mlangoni, na dalali akifunga kazi, nyumba yako ipo lakini njia ya kuifikia imepotea. Hata kampuni kubwa hufunga. Google iliacha kupokea viungo vipya vya goo.gl, huduma yake ya kufupisha, mwaka 2019, ikatangaza mwaka 2024 kwamba vilivyokuwepo vitazimwa Agosti 2025, na wiki chache kabla ya siku hiyo ikasema vinavyotumika bado vitabaki. Yako pia mambo ya mamlaka: mwisho wa ly, kama ule wa bit.ly, ni wa nchi ya Libya, na mwaka 2010 msajili wa majina ya intaneti wa huko aliinyang'anya huduma ndogo iliyoitwa vb.ly jina lake, kwa hoja kwamba ilikiuka sheria za nchi hiyo. Tangazo la wiki moja la mashindano ya jahazi halina la kuogopa katika hayo, ila kibao cha mbao kilichochongwa ili kikae miaka kumi kinalo. Kwa kitu cha namna hiyo lipia jina lako mwenyewe lenye mwisho wa co.ke, liwe fupi tangu mwanzo.

Huyo dalali, hata hivyo, huhesabu. Ukitengeneza viungo viwili vinavyokwenda ukurasa mmoja, kimoja cha bango la Mokowe na kingine cha bango la uwanja wa Mkunguni mjini Lamu, baada ya mwezi utajua ni lipi linalokuletea watu. Anahesabu pia kwa manufaa yake, kwa kuwa huona saa, aina ya simu na takriban nchi ya kila anayepita.

Usifupishe kamwe anwani ya faili lenye nakala za pasipoti za wageni, ukidhani kwamba asiyepewa kiungo hawezi kulifikia. Mwaka 2016 watafiti Martin Georgiev, na Vitaly Shmatikov wa chuo cha Cornell Tech cha Marekani, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kubahatisha misimbo ya herufi sita hadi ikagonga mafaili ya watu yaliyoachwa wazi. Faili kama hilo lifungue kwa majina ya wanaoruhusiwa tu.

Nawe ukiletewa kiungo kifupi usichokitarajia, chungulia kabla ya kuingia: kwa Bitly ongeza alama ya kujumlisha mwishoni, kwa TinyURL anza na neno preview na nukta kabla ya jina lake, nayo huduma itakuonyesha anwani kamili. Ukurasa wowote unaokuomba namba ya siri ya M-Pesa ufunge bila kufikiri mara mbili.

Kwenye bango lenyewe, chini ya kiungo, andika jina la nyumba na namba ya simu kwa herufi kubwa, kisha libandike juu kidogo, kwa kuwa punda wa Lamu hawabagui karatasi.